Robert Boyle na Sharubati ya Maua

Kila mwanafunzi aliyekwisha kuingia katika maabara ya shule amekishika kile kikaratasi chembamba kiitwacho litimasi. Ukikichovya cha buluu katika maji ya ndimu, hugeuka chekundu. Ukikichovya chekundu katika maji ya magadi, hugeuka cha buluu. Kazi hiyo huchukua muda mfupi sana, na mara nyingi sisi wanafunzi huandika jibu katika daftari, tukakitupa kikaratasi, tukaenda zetu. Walakini jambo hili jepesi halikupatikana bure. Mmoja wa watu walioliwekea msingi ni Robert Boyle, ambaye wengi wetu tunamjua kwa ile kanuni yake ya hewa tu. Basi katika kurasa hizi nataka kueleza habari za maisha yake, na hasa jinsi alivyowafundisha watu kuitambua asidi na alikali kwa kutazama rangi, badala ya kutegemea ulimi na maneno ya wakubwa.

Robert Boyle alizaliwa tarehe 25 Januari, 1627, katika ngome ya Lismore, nchi ya Ayalandi. Baba yake, Richard Boyle, alitoka Uingereza mwaka 1588 akiwa kijana mwenye mali kidogo sana. Lakini kwa werevu na bidii, na kwa kujipatia ardhi nyingi iliyotoka mikononi mwa Waayalandi walioshindwa vitani, akawa mmoja wa matajiri wakubwa kabisa wa nchi zile, akapewa cheo cha Earl wa Cork. Robert alikuwa mtoto wake wa 14.

Ingawa alizaliwa katika utajiri, hakulelewa kwa kudekezwa. Baba yake hakupenda watoto wa matajiri wafugwe kama ndege katika tundu, kwa hiyo alimpeleka kwa mlezi wa shamba, alelewe kama wana wa wakulima. Mama yake alifariki Robert alipokuwa na umri wa miaka 3 tu, na baadaye alihesabu kuwa ni msiba mkubwa kwake kutomjua mama. Jambo jingine lililompata utotoni ni kigugumizi. Alikuwa akicheza na watoto wenye kigugumizi, akawaiga kwa mzaha, na mzaha ule ukamshika ulimi. Hakupona mpaka siku ya kufa kwake.

Mwaka 1635, akiwa na umri wa miaka 8, alipelekwa pamoja na ndugu yake Francis katika shule ya Eton, Uingereza. Huko aliupenda usomaji kupita michezo, hata walimu wakawa hawana kazi ya kumhimiza kusoma, bali kumhimiza atoke nje. Na huko ndiko kulikotokea jambo dogo ambalo hakulisahau maisha yake yote. Siku moja aliugua, na mwuza dawa akamletea dawa ya kunywa. Kwa kukosea, mtu yule alimpa kikombe kilichokusudiwa mgonjwa mwingine, nacho kilikuwa na dawa kali ya kutapisha. Mtoto aliinywa, akatapika kwa nguvu nyingi hata watu wakaogopa kwamba atakufa. Alipona; lakini tangu siku ile akawaogopa waganga kuliko alivyoogopa ugonjwa, akataka kujua mwenyewe mambo ya dawa ili awahitaji kwa uchache.

Ndugu msomaji, ulitafakari tukio hilo. Vikombe viwili vimekaa mezani, kila kimoja kina maji yaliyokolea rangi, hakuna anayeweza kusema kwa kuangalia tu kipi kina faida na kipi kina madhara. Siku zile hali ilikuwa hiyo si kwa dawa tu, bali kwa karibu kila kitu cha maji katika duka la mwuza dawa.

Mwaka 1639 Robert na Francis walitumwa ng'ambo pamoja na mwalimu wao, Isaac Marcombes, wakakaa Geneva. Usiku mmoja radi na umeme vilipiga kwa ukali mwingi, hata kijana akadhani siku ya mwisho imefika. Aliweka nadhiri kwamba akisalimika ataishi kwa kumcha Mungu zaidi, na kulipokucha akaithibitisha nadhiri ile, maana aliona haya kuahidi kwa hofu tu. Baadaye walikwenda Italia, wakakaa Florence, naye akasoma habari za Galileo, mzee mashuhuri wa elimu ya nyota. Mzee huyo alifariki Januari 1642, karibu na mji ule ule, wakati Robert alipokuwa huko.

Ndipo taabu zilipoanza. Mwezi wa Oktoba 1641 Waayalandi waliasi, na mali za baba yake zikawa katika hatari. Fedha zilizotumwa kwa vijana hao hazikuwafikia. Francis alirudi kwenda kupigana, lakini Robert alikuwa mdhaifu wa mwili, akarudi Geneva na mwalimu wake, akaishi kwa mkopo. Baba yake alifariki mwaka 1643. Mwaka 1644, mtoto wa tajiri yule alirudi Uingereza kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza vito. Dada yake Katherine, aliyemzidi kwa miaka 12 hivi, alimpokea London. Dada huyu alikuwa mwanamke mwenye akili nyingi, na nyumba yake ilikuwa baraza ya watu wa elimu. Kwake ndiko Robert alikopata moyo wa kuendelea.

Baba yake alikuwa amemwachia shamba na nyumba huko Stalbridge, kusini ya Uingereza. Robert akaenda kukaa huko, akaanza kujifunza kemia. Mwanzo wake haukuwa mwema. Mwaka 1647 aliagiza tanuri la udongo, likasafirishwa kwa njia mbaya, na lilipofika lilikuwa limevunjika vipande vipande. Ilimbidi angoje miaka karibu miwili kabla ya kupata maabara ya kufaa. Macho yake nayo yalianza kuharibika, akawa hawezi kusoma sana usiku, akaajiri watu wa kumsomea na kumwandikia. Basi mtu aliyekuja kutufundisha kutambua vitu kwa rangi alikuwa mtu mwenye macho mabovu!

Katikati ya miaka ya 1650 alihamia Oxford, palipokuwa na kundi la wataalamu waliokutana kufanya majaribio. Hapo alimwajiri kijana maskini mwenye mikono ya ufundi, Robert Hooke, na mwaka 1659 Hooke akamtengenezea pampu ya kunyonya hewa. Kwa majaribio ya hewa Boyle alipata sifa, na mwaka 1662 alichapisha hesabu zile ambazo leo huitwa Kanuni ya Boyle, kwamba hewa ikibanwa hadi nusu ya nafasi yake, kani yake huwa mara mbili, ikiwa joto halibadiliki. Mwaka 1661 alitoa kitabu cha kuwahoji wanakemia wa zamani waliosema kwamba vitu vyote vimefanyika kwa asili tatu au nne tu. Hayo husomwa katika vitabu vingi, kwa hiyo sitakaa hapo. Nakuja kwenye kitabu chake cha mwaka 1664, kilichohusu rangi.

Kabla ya hapo watu waliitambuaje asidi? Kwanza kwa ulimi: kitu kichachu kama siki au ndimu kilikuwa asidi. Pili kwa povu: kitu kilichotoa povu kikikutana na asidi kilisemwa kuwa alikali, kama vile maji ya majivu. Njia hizi mbili zina kasoro. Ulimi unaweza kuungua, au mtu akaonja sumu akafa. Tena ulimi wa mtu mmoja si sawa na wa mwingine. Na povu nalo hudanganya. Vipande vidogo vya chuma vikitiwa katika asidi hutoa povu, wala chuma si alikali. Kweli, watia rangi wa nguo na wauza dawa walijua zamani kwamba baadhi ya rangi za mimea hugeuka zikichanganywa na siki. Lakini waliliona kama jambo la mmea huu au la siki ile; hawakuliona kuwa ni alama ya kundi zima la vitu.

Boyle alichukua sharubati ya vaileti, yaani maua madogo ya Ulaya yenye rangi kati ya buluu na zambarau. Haikuwa kitu cha siri wala cha ghali. Iliuzwa dukani kama dawa nyepesi. Alidondosha tone la sharubati hiyo juu ya karatasi nyeupe, maana juu ya karatasi nyeupe rangi huonekana wazi. Kisha akaongeza matone mawili matatu ya siki, au ya asidi ya chumvi, na mara ile buluu ikawa nyekundu. Akadondosha tone jingine la sharubati, na safari hii akaongeza maji ya chumvi itokayo katika majivu, akaisugua kwa kidole. Rangi ikageuka kijani pale pale.

Hata hapa mtu mwingine angalisema ameona ajabu, akaandika, akaondoka. Boyle hakuondoka. Alijaribu asidi moja baada ya nyingine, akaona kila moja inaitia sharubati wekundu. Akajaribu vitu vya namna ya majivu, na ile chumvi ya harufu kali ipatikanayo katika mkojo na pembe, ambayo leo huitwa amonia, vyote vikaleta kijani. Akajaribu maua mengine ya buluu, aone kama nayo hutii kanuni ile. Tena aliona jambo la tatu, nalo ni kubwa kuliko yale mawili: viko vitu vingine ambavyo havikuigeuza sharubati, si kwa wekundu wala kwa ukijani. Vitu hivyo basi si asidi wala si alikali.

Pengine utauliza, kuna faida gani kujua hivyo? Faida ilikuwa kubwa, maana ilihusu uhai wa watu. Siku zile waganga wengi wa Ulaya walifuata mafundisho ya watu kama Franciscus Sylvius, mwalimu wa udaktari wa Leiden, Uholanzi. Hao walifundisha kwamba magonjwa karibu yote hutokana na asidi au alikali kuzidi mwilini. Basi mganga alimtazama mgonjwa, akaamua kwamba huyu amezidiwa na asidi, akamnywesha alikali. Au kinyume chake. Hakuwa na kipimo cha hakika. Kitu chochote kilichotoa povu alikiita jina alilolitaka, na mgonjwa ndiye aliyelipa kosa.

Mwaka 1675 Boyle alichapisha maandishi ya kuyapinga mafundisho hayo. Hakuwatukana wenye kuyafundisha, wala hakusema kwamba asidi na alikali si kitu. Alisema tu kwamba wao hawajaeleza wazi asidi ni nini wala alikali ni nini, na kwamba viko vitu vingi visivyoingia katika makundi hayo mawili. Na angaliweza kujivuna kwamba kipimo chake hupima kila kitu. Lakini kipimo chake mwenyewe ndicho kilichomwonyesha kwamba dunia haigawanyiki katika pande mbili tu, naye akakubali kuonyeshwa.

Tangu 1668 Boyle alikuwa akikaa London katika nyumba ya dada yake Katherine, akafanya maabara yake nyuma ya nyumba. Mwaka 1670 alipatwa na ugonjwa wa kupooza, akalala kwa muda mrefu, kisha akapata nafuu polepole. Hakuoa kamwe. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Royal Society, chama cha wataalamu kilichoanza London mwaka 1660, na ambacho shabaha yake ilikuwa kutokubali neno la mtu yeyote bila ya kulijaribu. Mwaka 1680 chama hicho kilimchagua kuwa rais, lakini alikataa kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kula kiapo kilichotakiwa. Fedha zake nyingi alizitoa sadaka, na kwa gharama yake Biblia ikapigwa chapa kwa Kiayalandi, lugha ya watu ambao ardhi yao ndiyo iliyoitajirisha jamaa yake.

Isidhaniwe kwamba hakukosea. Aliamini mpaka uzee wake kwamba madini duni yanaweza kugeuzwa dhahabu, na mwaka 1689 alisaidia kuifuta sheria ya zamani iliyokataza kazi hiyo. Tena kazi nyingi katika maabara yake zilifanywa na watumishi, nao wengi wao hawakutajwa kwa majina katika vitabu vyake. Hayo nayo ni sehemu ya habari zake.

Lakini ile dawa ya Eton haikumtoka moyoni. Mwaka 1685 aliandika jinsi ya kuyapima maji ya chemchemi ambayo watu waliyanywa kama dawa, na kugeuka kwa rangi kulikuwa miongoni mwa vipimo alivyoeleza. Mwaka 1690 alitoa kitabu kingine kilichoeleza jinsi ya kutambua dawa safi na dawa ya kughushi kwa kuipima uzito ndani ya maji. Wakati huo alikuwa mdhaifu sana, hata akaweka kibao mlangoni kuwajulisha wageni saa ambazo hawezi kuwapokea. Mtoto aliyenyweshwa kikombe kisicho chake akawa mzee anayewatafutia wengine njia ya kujua kilichomo kikombeni kabla ya kunywa.

Katherine alifariki tarehe 23 Desemba, 1691. Robert, aliyekaa naye miaka 23, alimfuata baada ya siku nane tu, tarehe 31 Desemba, akiwa na umri wa miaka 64. Alizikwa London katika kanisa la St Martin-in-the-Fields. Kanisa hilo lilibomolewa na kujengwa upya katika miaka ya 1720, na leo hakuna anayejua mifupa yake iko wapi.

Kazi yake haikupotea. Sharubati ya vaileti huharibika upesi, kwa hiyo wanakemia wakaja kupendelea litimasi. Rangi hii hutolewa katika kuvumwani, yaani vimea vidogo vikavu vinavyoota juu ya magome ya miti na juu ya mawe. Wenyeji wa pwani yetu watafurahi kusikia kwamba katika karne ya 19 kuvumwani cha rangi, cha jamii hiyo hiyo, kilikuwa bidhaa iliyopakiwa majahazini na merikebuni kutoka Unguja na pwani ya Afrika Mashariki kwenda Ulaya. Kisha mwaka 1909, Søren Sørensen, aliyefanya kazi katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, Denmaki, alitunga kipimo cha namba kiitwacho pH. Maji safi ni 7. Chini ya 7 ni asidi, juu yake ni alikali, na kila hatua moja ni mara kumi. Maji ya ndimu ni karibu na 2. Siku hizi karatasi ya kiashiria huonyesha rangi nyingi, nasi twalinganisha rangi na namba zilizo juu ya kijitabu chake. Tena twajua sababu ambayo Boyle hakuijua: katika maua yale mna rangi iitwayo anthosayanini, ambayo umbo la chembe zake hubadilika kwa kadiri ya asidi iliyopo.

Asiye na karatasi hiyo nyumbani asihuzunike. Chukua maua makavu ya rosela, yale tutengenezayo juisi nyekundu, uyaloweke katika maji ya moto, kisha uchuje. Tia maji hayo kidogo katika vikombe vitatu vyeupe. Kimoja kiache kama kilivyo. Cha pili kiongezee ndimu, nacho kitazidi kuwa chekundu. Cha tatu kiongezee maji ya magadi au ya majivu kidogo kidogo, uone wekundu unavyotoweka na rangi ikielekea buluu na kijani. Ukimaliza, mwaga vyote, usionje. Boyle alitutafutia njia hii ili tusiwe na haja ya kuonja.

Basi, wenzangu, safari nyingine mwalimu atakapotugawia vile vikaratasi, tusiandike jibu kabla ya kuchovya kwa kuwa tumekwisha kulisoma kitabuni, wala tusiandike alichoandika jirani. Tuchovye, tutazame, tuandike rangi tuliyoiona. Na kama kikaratasi hakikugeuka, tuandike kwamba hakikugeuka, maana hilo nalo ni jibu.